Hojaji, mahojiano au kukaa na familia: njia ipi ya kutafiti ulemavu na maradhi huku Nyanza na Magharibi?

Wanafunzi wengi wa uzamili, na hata maafisa wa mashirika yanayohudumia watu wenye ulemavu, humwendea mshauri wao wakiwa wameshachagua chombo cha utafiti kabla hawajalielewa swali lao. Mara nyingi chombo hicho ni hojaji, kwa kuwa hojaji ndiyo iliyo rahisi kuandikia bajeti na ndiyo inayotoa majedwali ya kujaza sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo. Makala haya yanalinganisha njia tatu anazoweza kuzitumia mtu anayetaka kutafiti ulemavu, maradhi na utamaduni kuanzia Kisumu na Siaya hadi Kakamega, na hata Nakuru katika Bonde la Ufa: hojaji ya kaya, mahojiano ya kina, na kukaa na familia kwa muda mrefu. Njia ya nne, utafiti shirikishi, nitaigusa kwa ufupi. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea: jambo la kuamua kwanza ni nani anayetafitiwa, yaani kama ni mtu mmoja mwenye hali hiyo au ni familia inayoishi nayo. Chombo hufuata baadaye.

Anayetafitiwa ni mtu au ni boma?

Katika familia nyingi za Wajaluo, hasa miongoni mwa wazee, maradhi yanayomkondesha mtu polepole huweza kuelezwa kuwa ni chira, nayo chira huaminika kuletwa na kukiukwa kwa utaratibu wa boma: mdogo kujenga kabla ya kaka yake, mke mdogo kupanda mbegu kabla ya mke mkubwa, au desturi za msiba kuachwa bila kutimizwa. La kuzingatia ni kwamba anayeugua si lazima awe ndiye aliyekosea. Kosa huweza kuwa la baba na mwili unaokonda ukawa wa mtoto, na manyasi, ambayo ndiyo dawa yake, huweza kuwahusu watu kadhaa wa boma kwa sababu kinachotengenezwa ni uhusiano wao. Vivyo hivyo kwa Wajaluo na Waluhya, mtoto mchanga anayelia au kuugua mfululizo huweza kudhaniwa kuwa anadaiwa jina na mzee aliyefariki. Mtafiti anayemhoji mgonjwa peke yake katika hali kama hizi atarudi na orodha ya dalili, lakini habari yenyewe ataiacha bomani.

Hali haitofautiani sana hata pale ambapo hakuna anayetaja chira. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell), maradhi ya damu ya kurithi, umeenea katika eneo la Ziwa Victoria kwa sababu ya malaria: aliyerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo imedumu vizazi na vizazi. Mtoto huugua akirithi jeni mbili, moja kwa kila mzazi, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Hiyo ni biolojia, nayo inawagawia wazazi wote wawili sehemu sawa. Lawama, hata hivyo, haigawanywi hivyo. Mtoto anapolazwa mara kwa mara, anayeulizwa maswali aghalabu ni mama, na si ajabu ukoo wa mume kudai kwamba maradhi hayo yameletwa na mgeni kwa kuwa upande wao hayakuwahi kuonekana. Ukitaka kujua kwa nini baba fulani anakataa kupimwa, kumchunguza mtoto hakutakufikisha mbali. Itakubidi umsikilize bibi, shemeji, na huyo baba mwenyewe siku atakapokuwa tayari.

Nisieleweke kuwa familia ndiyo jibu la kila swali. Mwanamume anayetumia kiti cha magurudumu na kutengeneza saa mjini Kisumu, anayetaka kueleza jinsi matatu zinavyompita kituoni au jinsi alivyokataliwa kazi, hahitaji shangazi yake amsemee. Utafiti wa ulemavu una historia ndefu ya jamaa, walimu na madaktari kujibu kwa niaba ya wenyewe, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, unamtambua mtu mwenyewe kuwa ndiye mwenye haki. Swali likihusu kazi, elimu, dhuluma za kijinsia au hali ya virusi vya ukimwi, mhoji mtu huyo peke yake, mahali atakapopachagua yeye. Likihusu maana ya maradhi, uamuzi wa kutafuta tiba, na nani anabeba kazi ya malezi, hapo itafiti familia.

Hojaji ya kaya: nguvu yake na mipaka yake

Hojaji inayotumika zaidi siku hizi ni ile fupi ya Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, lililoundwa 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Ina maswali sita, yanayohusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kwa kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Mhojiwa huulizwa, kwa mfano, kama anapata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, naye huchagua jibu moja kati ya manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, au siwezi kabisa. Kwa kipimo kinachopendekezwa, anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyetoa mojawapo ya majibu mawili ya mwisho kwa angalau swali moja. Neno ulemavu halitajwi popote, na huo ni uamuzi wa busara, kwani bibi wa miaka 70 asiyeona vizuri hatakubali kuitwa mlemavu ilhali hatasita kusema kwamba macho yanamsumbua.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilitumia maswali ya aina hii kwa watu wa umri wa miaka 5 na zaidi, ikapata kuwa asilimia 2.2 walikuwa na ulemavu, yaani zaidi ya watu laki tisa, huku vijijini ikiwa asilimia 2.6 na mijini 1.4. Homa Bay na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi nchini. Sensa ya 2009, iliyouliza kwa namna nyingine, ilikuwa imetoa asilimia 3.5, na utafiti wa kitaifa uliotolewa 2008 ukatoa 4.6. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, lilikadiria mwaka wa 2022 kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani, yaani asilimia 16, ana ulemavu. Sidhani kuna anayeamini kwamba Wakenya walipona kwa wingi kati ya 2008 na 2019. Kilichobadilika ni maswali, umri wa wanaoulizwa, na mpaka unaomtenga anayehesabiwa na asiyehesabiwa. Mwanafunzi atakayeziweka takwimu hizi katika jedwali moja na kuandika kwamba ulemavu unapungua atakuwa amepotosha, na nimeona rasimu za namna hiyo zikipita mikononi mwa watu wazima bila kuguswa.

Nguvu ya hojaji ni kwamba inasema kwa sauti ambayo serikali ya kaunti inaisikia. Bunge la kaunti likitaka kutenga fedha za vifaa vya kusikia au kurekebisha milango ya zahanati, simulizi ya familia moja ya Rarieda haitatosha hata iwe ya kusikitisha namna gani. Itatakiwa idadi, tena idadi inayoweza kulinganishwa na ya kaunti jirani. Eneo letu lina mfano mzuri wa jinsi ya kuhesabu kwa uvumilivu: Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kupitia kituo chake cha Kisian karibu na Kisumu na kwa kushirikiana na wataalamu wa Marekani, ilianza mwaka wa 2001 kurejea kaya zilezile za Asembo na Gem, na baadaye Karemo, mara kadhaa kwa mwaka kuandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Uzito wa kazi hiyo unatokana na kurejea.

Mwanafunzi hana uwezo huo, na hapa ndipo hesabu inapaswa kufanywa kabla ya kuchapisha hojaji. Tuseme una fedha za kufikia kaya 400. Wastani wa kaya nchini kwa mujibu wa sensa ya 2019 ni watu 3.9, kwa hiyo utawafikia watu 1,560 hivi. Kwa kiwango cha asilimia 2.2, utakaowapata wenye ulemavu ni takribani 34. Wagawe hao kwa aina sita za ugumu, kisha kwa wanaume na wanawake, kisha kwa tarafa mbili, na utabaki na seli zenye mtu mmoja au wawili. Hapo ndipo uchanganuzi wa takwimu unapogeuka kuwa mapambo. Ni afadhali kuanzia kwenye orodha ya waliokwisha kutambuliwa na wahudumu wa afya ya jamii, ukikubali waziwazi kwamba orodha hiyo ina walioonekana tu.

Pungufu kubwa zaidi ni lile lisiloonekana kwenye jedwali. Chukua kijana wa miaka 16 mwenye kifafa. Karani anafika na tableti yake, anampata nyanya bomani, anamuuliza maswali sita kuhusu kijana huyo, na nyanya anajibu kwa ukweli mtupu: anaona, anasikia, anatembea, anakumbuka, anaoga mwenyewe, anazungumza vizuri. Hakuna ugumu mara sita. Kijana huyo, ambaye hakai karibu na jiko la mafiga kwa hofu ya kuangukia moto, asiyeruhusiwa kwenda ziwani na wenzake, na ambaye kijiko chake huwekwa kando kwa sababu kuna wanaoamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza, anaingia katika takwimu za kaunti kama mtu asiye na ulemavu. Mwenye selimundu aliyehojiwa katika wiki nzuri atapita hivyohivyo, na mwenye maradhi ya akili pia. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 kuna hojaji ndefu zaidi iliyotolewa 2016 kwa ushirikiano wa Kundi la Washington na UNICEF, inayouliza pia kuhusu wasiwasi, tabia na kujifunza. Anayetafiti watoto aitumie hiyo na kuiacha ile fupi.

Mahojiano ya kina

Mahojiano ndiyo njia ya katikati kwa gharama na kwa muda, na pengine ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Watu huchukulia kwamba kuwasha kinasasauti na kuketi na mtu kwa saa moja ni mahojiano ya kina. Kinachoyafanya kuwa ya kina ni maswali yanayompa mhojiwa nafasi ya kueleza ugonjwa kwa mantiki yake mwenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakitumia maswali yaliyopendekezwa na Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, ambayo kwa maneno mepesi ni haya: tatizo hili unaliitaje, unadhani limesababishwa na nini, kwa nini lilianza wakati ule lilipoanza, linakufanyia nini, ni kali kiasi gani, ungependa upate matibabu ya aina gani, na unaogopa nini zaidi. Swali la wakati ndilo linalozaa zaidi huku kwetu. Mtu aliyekwisha kukuambia kwamba kifafa cha mwanawe kilitokana na malaria iliyopanda kichwani, jibu ambalo daktari angelikubali, akiulizwa kwa nini kilianza mwezi ule, anaweza kuanza kuzungumzia ugomvi wa shamba uliotokea wiki moja kabla. Majibu yote mawili ni yake. Hayapingani kichwani mwake, na mtafiti asimlazimishe kuchagua.

Mahali pa kuhojia ni jambo la kupangiwa kama bajeti inavyopangiwa. Mke kijana akihojiwa sebuleni kuhusu mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo, huku mama mkwe akipepeta mtama mlangoni, atajibu yale ambayo mama mkwe anaweza kuyasikia. Hilo si uongo, ni adabu. Atasema kwamba familia nzima inamsaidia. Ukikutana naye baadaye akiteka maji au akingoja zamu kliniki, huenda akakuambia kwamba tangu mtoto azaliwe hajaruhusiwa kumpeleka kwao. Mtafiti makini hatupi jibu la kwanza kwa sababu amepata la pili. Yote mawili anayaandika, pamoja na nani alikuwa karibu wakati kila moja lilipotolewa.

Kwa watu viziwi kuna tahadhari ya pekee. Eneo hili lina baadhi ya shule kongwe za viziwi nchini, zikiwamo za Mumias na Nyang'oma huko Bondo, na waliosoma humo wana Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaagiza iendelezwe. Hao watafutiwe mkalimani aliyefunzwa, asiwe dada wala jirani. Wapo pia watu wazima vijijini ambao hawakuwahi kwenda shule na wanatumia ishara za nyumbani zinazoeleweka na watu watano au sita tu. Kwa hao mahojiano ya saa moja hayafai kabisa, na mtafiti atalazimika kutumia njia ya tatu hata kama hakuipanga.

Jambo la mwisho kuhusu mahojiano: wahojiwa wengi hupatikana kliniki, kwa sababu ni rahisi kuwapata huko. Matokeo yake ni kwamba tunajua mengi kuhusu familia zilizofika hospitalini na machache kuhusu zile zilizoishia kwa mganga, kwenye maombi ya kanisa, au zilizokosa nauli. Majadiliano ya vikundi hayaondoi tatizo hilo; kwa mada hii huwa yanatoa kile ambacho kijiji kingependa kionekane kuwa ndicho kinachoaminiwa.

Kukaa na familia

Njia ya tatu ni ya mtafiti kuchagua familia chache, tuseme nne au sita, na kuwa nazo kwa miezi mingi, akija mara kwa mara, akisaidia kuchambua mboga, akienda nazo kliniki na mazishini, na kuandika kila jioni alichokiona. Wanaanthropolojia huiita ethnografia. Kamati nyingi za tasnifu huiogopa kwa sababu haina jedwali. Kwa swali la utamaduni, mimi naiweka ya kwanza, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, utamaduni wa familia uko zaidi katika mambo inayoyatenda bila kuulizwa kuliko katika majibu yake. Nani humpa kijana mwenye kifafa vidonge vyake vya fenobabitoni, na saa ngapi? Familia ikiulizwa itasema kwamba anavimeza kila jioni. Ukiwa pale, utaona kwamba vidonge vimewekwa chumbani kwa nyanya kwa kuwa ndiye anayekumbuka, na nyanya akisafiri kwenda matangani kwa siku nne, kijana hukaa siku nne bila dawa, na degedege hurudi, na kurudi kwake kunathibitisha kwa jirani kwamba dawa za hospitali haziwezi maradhi haya. Hakuna hojaji inayouliza kuhusu safari za nyanya.

Pili, njia hii ndiyo pekee inayoweza kutofautisha utamaduni na umaskini, mambo mawili ambayo tasnifu zetu huyachanganya ovyo. Ni kawaida kusoma kwamba familia za Magharibi huficha watoto wenye ulemavu kwa sababu ya imani za jadi. Familia zenye aibu zipo, na zipo zinazomfungia mtoto kwa sababu ya maneno ya watu. Lakini zipo pia nyumba ambazo mtoto hufungiwa ndani kuanzia asubuhi kwa sababu mama anauza nyanya sokoni Kibuye, mtoto ana miaka 9 na hawezi kuketi, hakuna mtu wa kumwachia, na mlango ukiachwa wazi atavamiwa na kuku na mbwa. Mpita njia na afisa wa mradi wataona kufuli lilelile katika nyumba zote mbili. Anayefika asubuhi, akamwona mama akimlisha mtoto uji, akimgeuza, akimpaka mafuta na kumwekea redio karibu kabla ya kufunga, hawezi kuandika neno kuficha bila kusita. Tofauti hiyo ina matokeo ya kibajeti: nyumba ya kwanza huenda ikahitaji ushauri nasaha, ya pili inahitaji mahali pa kumwacha mtoto mchana.

Tatu, familia haikai mahali pamoja. Hili linaonekana zaidi Nakuru, mji uliojaa watu waliohamia kutoka kila upande na ambao vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilitawanya jamaa zao. Mume na mke wanapanga chumba katika ploti mojawapo mjini, mtoto wao mwenye ulemavu analelewa na bibi huko Vihiga, na kaka wa mume ndiye anayetuma fedha za dawa kwa M-Pesa kutoka Mombasa. Karani wa hojaji Nakuru, ambaye kwake kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, ataandika kuwa hakuna mtoto mwenye ulemavu. Karani wa Vihiga ataandika kuwa kaya inaongozwa na mwanamke mzee asiye na kipato. Wote wawili wamefuata kanuni, na familia yenyewe haikuonekana na yeyote. Mtafiti anayekaa na familia huifuata kwa basi.

Kasoro zake ni nzito na sitazipunguza. Familia sita haziwezi kukuambia lolote kuhusu wingi. Njia hii inakula muda, na mwanafunzi aliyeajiriwa hawezi kuimudu kirahisi. Mtafiti huzoeleka hadi akawa mtu wa kuombwa karo na nauli ya hospitali, na kukataa kuna gharama yake kama vile kutoa kulivyo na gharama yake. Ataona pia mambo ambayo hakuyatafuta, kama mtoto kupigwa au dawa kuuzwa, na ni lazima aamue mapema, pamoja na kamati ya maadili, ni lipi atalitolea taarifa na kwa nani. Tena yapo maeneo ya Siaya na Kisumu yaliyokwisha kuchoka kutafitiwa. Watu waliotolewa damu na kujazishwa fomu kwa miaka mingi wana uvumi wao kuhusu damu hiyo ilikopelekwa, na mgeni mwenye daftari anayekaa bila kusema anafanya nini hasa ataupa uvumi huo mwili mpya.

Utafiti shirikishi, kwa ufupi

Watu wenye ulemavu wamekuwa wakidai kwamba lisitafitiwe lolote kuwahusu bila wao kushiriki, na baadhi ya miradi huwapa kamera au simu wapige picha za maisha yao kisha wazieleze. Ni njia nzuri kwa vijana na kwa watu ambao hawapendi mahojiano, na picha ya ngazi za ofisi ya chifu huwa na nguvu kuliko kurasa kumi. Inafaa kwa kutafiti vikwazo vya mazingira. Kwa mambo ya ndani ya familia siipendekezi sana, kwa sababu picha ya ndani ya nyumba humwonyesha pia asiyeombwa ruhusa.

Vibali na ridhaa

Kwa njia yoyote utakayoichagua, utahitaji kwanza idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, kama zile za Chuo Kikuu cha Maseno au Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, halafu kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha barua za kaunti, na mwisho salamu kwa chifu na mzee wa kijiji, ambazo hazimo kwenye fomu yoyote lakini bila hizo hutaketi popote. Tofauti kati ya njia hizi inaonekana kwenye ridhaa. Hojaji huhitaji ridhaa mara moja. Anayekaa na familia huhitaji kuiomba upya kila jambo linapobadilika, na kwa watu wote wa nyumba, kwa kuwa kukubali kwa baba hakumaanishi kwamba binti mwenye ulemavu wa akili amekubali. Naye aelezwe kwa lugha anayoielewa na kukataa kwake kuheshimiwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya, na hata habari za familia kama majina ya watoto na wazazi, katika fungu la data nyeti. Kubadilisha majina hakutoshi katika kijiji ambacho kuna pacha wawili tu wenye ualbino. Itakubidi ubadilishe au uache kutaja yale yanayowatambulisha.

Ukilazimika kuchagua

Kwa afisa wa kaunti au wa shirika anayehitaji kutetea bajeti, jibu ni hojaji, ya watoto ikiwa ni watoto, akiongeza maswali mawili au matatu ya wazi kuhusu kifafa, selimundu na maradhi ya akili, na kumhoji mwenyewe badala ya mkuu wa kaya kila inapowezekana. Kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye miezi michache, mahojiano yanafaa, lakini ayafanye kwa familia na si kwa watu waliotengana: familia kumi, watu watatu kila moja, wakiwa peke yao, kila mmoja mara mbili. Huo ni mzigo wa mahojiano 60, na kwa mwanafunzi mmoja ni mwingi, kwa hiyo anaweza kushuka hadi familia sita bila aibu. Kwa anayeandika shahada ya uzamivu, au mtu wa eneo hili anayeishi karibu na familia anazotaka kuzielewa, sioni sababu ya kuikwepa njia ya tatu.

Anayetaka kuchanganya njia aangalie mpangilio. Desturi ni kuanza na hojaji, kisha kuwachagua wachache wa kuhoji, na kukaa na familia kukiwa na muda uliobaki, ambao huwa haubaki. Ningeugeuza mpangilio huo. Kaa kwanza na familia mbili au tatu kwa muda wa kupita angalau msimu mmoja wa kupanda na mmoja wa njaa, usikie watu wanavyoyataja maradhi yao. Tumia maneno hayo kuandaa maswali ya mahojiano. Kisha uyageuze yale yaliyojirudia katika mahojiano kuwa maswali ya hojaji. Ukifanya hivyo, karani atakapofika kwenye boma la kijana mwenye kifafa, katika tableti yake kutakuwa na swali linalouliza kama kuna mtu nyumbani asiyeruhusiwa kupika au kwenda ziwani peke yake, na nyanya atajua mara moja ni nani anayeulizwa.